Lubisi ya Posa Iliyokataa Kuchacha

Siku kaka yangu alipomtaja msichana wa Nyabiyonza, baba hakuuliza ukoo wala kanisa. Alitoka nje akaenda kuangalia migomba ya pombe. Alizunguka shambani karibu saa nzima, akabonyeza ndizi za mkungu huu na ule, kisha akarudi akasema zitakomaa baada ya wiki mbili, kwa hiyo posa itakuwa baada ya wiki tatu. Tarehe ikawa imepangwa hivyo. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Kanoni baada ya kumaliza chuo, shahada yangu ya afya ya mazingira imo kwenye bahasha chini ya godoro, na nilikuwa na muda mwingi wa kuuliza maswali.

"Kwa nini tusinunue mvinyo?" niliuliza. Pale Kayanga kuna maduka yanayouza mvinyo wa ndizi wa chupa, una lebo na tarehe ya mwisho wa kutumika. "Kreti tatu, tunapakia, tunaenda."

"Huo umekanyagwa na nani?" baba aliuliza.

"Haukanyagwi, tata. Kuna mashine."

"Basi nikifika kule niseme mashine ndiyo inaomba mke?"

Kwa asiyeijua, lubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi hukatwa mbichi, zikafukiwa shimoni katikati ya majani ya migomba hadi ziive. Zikishamenywa humwagwa ndani ya gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, na mtumbwi ndilo jina tunaloliita. Wanaume hunawa miguu, wakaingia humo na kuzikanyaga pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Maji huchujwa, hurudishwa mtumbwini, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani na kuachwa yachache. Siku ya pili watu wanakunywa.

Ukienda kuposa bila lubisi ya nyumbani kwako, umepeleka maneno matupu. Baba wa msichana huonja kabla ya mtu yeyote. Asiporidhika, mnarudi mlikotoka mkaanze upya, na kuna familia ya kijiji cha pili iliyorudishwa mara mbili hadi msichana akaolewa na mtu wa Bukoba. Tena huyu mzee wa Nyabiyonza, mfugaji mwenye ng'ombe wengi, alikuwa na sifa ya ulimi. Tulisikia aliwahi kumwambia mgeni kwamba pombe yake ni nzuri sana kwa kuogeshea ndama. Kaka alikuwa hali chakula vizuri tangu aliposikia habari hiyo.

Mtumbwi wetu ulichongwa na babu. Ndani ulikuwa mweusi, una harufu ya uchachu isiyoisha, na vijinzi vidogo vilikuwa wakazi wake wa kudumu. Baada ya kila pombe ulisuuzwa kwa maji na kupanguswa kwa majani, basi. Niliuliza kwa nini hauoshwi kwa sabuni. Mama alisema, "Hauoshwi." Shangazi, dada yake baba, alisema, "Ukiuosha unasahau." Baba alisema babu hakuuosha. Niliwaambia hayo si majibu, ni swali langu mmelirudia kwa sauti nyingine. Shangazi akaniuliza kama chuoni walinifundisha pia kuolewa.

Jumatano baba alienda Kayanga kutafuta mtama, mama na shangazi wakaenda kwenye maombi ya jumuiya. Nikauinamisha mtumbwi na kuanza kazi. Nilitumia pakiti nzima ya sabuni ya unga, nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, na mwishoni nusu chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo niliiacha humo inywewe na mti kwa muda kabla ya kusuuza. Maji yalitoka meusi, halafu ya kahawia, halafu karibu safi. Mgongo uliniuma. Nilifurahi kama mtu aliyepata ajira.

Jioni baba aliutazama. "Jua la leo limeupausha mtumbwi," alisema.

Nilipanga kuwaambia baadaye, watu wakishaisifia pombe, ili wajue waliyoisifia ni safi.

Alhamisi ndizi zilikanyagwa. Kaka na binamu zetu wawili walikunja suruali, wakaimba, wakataniana kuhusu unyayo wa nani utaipa pombe ladha. Jirani yetu alipita njiani na jembe begani. Ni mama ambaye familia yake ilitoka Burundi zamani. Analima vibarua kwetu na kwa wengine, na kila Jumapili anauza lubisi yake nyumbani kwake. Alisimama, akavuta pumzi.

"Jamani, utamu gani huu! Mpaka kwangu unanukia!"

"Karibu," mama alimjibu, akitabasamu kwa midomo tu.

Ijumaa asubuhi baba alienda mtumbwini, akainama, akaweka sikio juu ya majani. Lubisi inayochacha huwa inasikika, sauti kama ya mafuta yanayokaanga chumba cha pili. Alisikiliza upande huu, akahamia upande ule. Akafunua majani. Yale maji yalikuwa yametulia tuli kama chai iliyosahauliwa. Alichovya kidole, akalamba.

"Bado ni juisi," alisema. Akalamba tena. "Na inanukia kama shati la kwenda kanisani."

Kulikuwa kumebaki siku moja. Hatukuwa na ndizi nyingine zilizoiva. Kaka alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Mimi nilijua," mama alisema. "Mtu hapiti kwenye pombe ya watu akaanza kusifia utamu."

"Tena mtu mwenye ya kwake ya kuuza," shangazi alidakia. "Atataka yetu itoke nzuri, ili iweje?"

"Kesho asije. Mwambieni hatumhitaji hata jikoni."

Jirani alikuwa ndiye aliyeombwa kutupikia ndizi za asubuhi kabla ya safari. Chuoni nilikesha bwenini mara nyingi nikibishana kuhusu watu wanaotafuta mchawi kila kitu kinapoharibika. Nilikuwa na hoja zangu zote, na nilikuwa mkali. Sasa mchawi alikuwa amepatikana, ana jembe na jina, na mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Nikifikiria sasa, nilinyamaza labda dakika moja. Ilikuwa dakika ndefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Ni mimi," nilisema. "Niliuosha mtumbwi."

Baba aligeuka polepole. "Kwa nini?"

"Kwa sabuni. Na dawa ya nguo."

"Sabuni kiasi gani?"

"Pakiti nzima."

"Na dawa?"

"Nusu chupa."

"Yesu na Maria," shangazi alisema. "Huyu mtoto alitaka kuuzika mtumbwi wa baba yangu."

Kaka aliinua kichwa. "Mdogo wangu, umemwosha mke wangu akaenda na maji."

Nilitegemea baba apige kelele. Alipitisha kiganja kwenye ubavu wa mtumbwi, hadi kule ambako nyuzi za chuma ziliacha michirizi, akasema, "Nenda kwa jirani. Wewe mwenyewe. Mwambie ulichofanya, umwombe atusaidie."

"Nimwambie yote? Hata na hili la mama?"

"Hilo la mwisho si lazima," mama alisema haraka, na tayari alikuwa anaelekea jikoni.

Nilimkuta jirani anachambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho, mdomo umefungwa, mashavu yanatetemeka. Kisha alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mwanangu! Na huko chuoni mtindi mnagandishia kwenye beseni la kufulia?"

"Hapana, mama."

"Ndani ya ule weusi ndimo pombe inamoishi. Wewe umefukuza wenyeji, halafu unashangaa nyumba imenyamaza." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mtumbwi wangu nimeutoa pombe asubuhi hii, machicha bado yamo. Leteni hiyo juisi yenu upesi, machicha yakiwa na joto."

Nilikuwa nimefundishwa habari za chachu. Nilifanyiwa mtihani na nikafaulu. Nilijua ni viumbe hai, nilijua wanakaa kwenye nyufa na mikwaruzo, na nilijua dawa niliyomimina inaua viumbe wa namna hiyo. Ingekuwa swali la kuchagua jibu, nisingekosa. Lakini hakuna mtihani ulioniambia kwamba viumbe hao wanaweza kuwa mali ya ukoo, na kwamba "unasahau" lilikuwa jibu kamili.

Tulihamisha juisi kwa ndoo, kaka na mimi, kupitia njia ya katikati ya migomba. Jirani aliongeza kibuyu kizima cha lubisi yake iliyokwisha kuiva, akakoroga, akafunika. Baada ya chakula cha mchana nilirudi peke yangu nikaweka sikio. Kule chini, mbali, mafuta yalikuwa yameanza kukaanga.

Jumamosi tulipakia vibuyu kwenye pikapi, vimezibwa kwa majani ya migomba na kufungwa kwa kamba za migomba ileile. Jirani alikuja kupika, akapika, akawa anafunga virago vyake arudi kwake. Mama alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kitenge chake kizuri cha pili.

"Jifunge hiki. Unaenda wapi na sisi tunaondoka?"

Alimpa nafasi ya mbele, karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma na vibuyu, nikavikumbatia kwenye kila shimo la barabara kama nabeba mayai.

Nyabiyonza, nyumba ya wakwe iko mahali migomba inapokwisha na nyasi zinapoanza. Ng'ombe walikuwa mbali, madoa ya kahawia kwenye kijani. Tulipokewa, tukasali, tukapitishiwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na harufu ya nyama na ndizi ilikuwa inatoka nyuma ya nyumba ikitutesa, maana hakuna kula kabla pombe haijaonjwa. Mshenga wetu, mwalimu mstaafu anayependa methali, alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ua zuri alilosikia limechanua hapa. Mzee alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua iishe. Kisha alinyosha mkono. Akapewa kibuyu na mrija.

Alivuta mara moja. Akapitisha ulimi kwenye meno.

"Hii ilianza kuchacha jana," alisema.

"Mzee wetu," mshenga alianza, "unajua siku hizi hali ya hewa ya kule kwetu Kanoni..."

"Hali ya hewa ya Kanoni inanukia sabuni?"

Kaka aliangalia viatu vyake vipya. Mshenga alifungua mdomo atafute methali, na kabla hajaipata baba alisimama, akavua kofia.

"Mkwe."

"Bado hujawa mkwe wangu."

"Mzee mwenzangu. Sitaki kukudanganya nyumbani kwako. Mtumbwi wangu ulioshwa kwa sabuni. Ni binti yangu huyu hapa."

Nilipiga magoti kabla sijaitwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini uliuosha?"

"Niliona ni mchafu."

Mzee alimgeukia baba. "Mmemsomesha huyu?"

"Tumemsomesha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chuo kikuu."

"Poleni sana," mzee alisema, kwa huruma kamili, na wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kucheka, kwanza kwa kuficha midomo. Nilisikia kicheko cha shangazi yangu kikiwa cha kwanza kutoroka.

"Na ilipokataa kuchacha, nani aliifufua?"

Baba alimwonyesha jirani yetu. "Yule mama. Alitupa mtumbwi wake na pombe yake."

Jirani alikuwa amekaa nyuma kabisa, ndani ya kitenge cha mama. Aliinamisha kichwa. Mzee alimtazama kwa muda, akarudisha mrija mdomoni, safari hii akavuta taratibu na kwa kirefu.

Kule kwao, jambo halimalizwi kwa kusema ndiyo. Mwenye nyumba akikubali, anampa ndugu yake kibuyu aonje. Akikataa, anakiweka chini na kuanza kuuliza habari za mvua. Mzee alikiacha kibuyu juu ya goti. Akasimulia habari za ng'ombe aliyezaa vibaya mwezi uliopita. Alizisimulia zote, mpaka rangi ya ndama. Jasho lilikuwa linamtiririka kaka kwenye shingo na kuingia kwenye kola, na mimi magoti yalikuwa yanawaka moto, na sikuthubutu kuinuka.

"Sabuni imo," mzee alisema hatimaye. "Lakini chini ya sabuni kuna pombe."

Akamgeukia mdogo wake aliyekaa kushoto, akampa kibuyu. "Shika, onja na wewe. Kinywa kisininukie dobi peke yangu."

Vigelegele vilianzia mlangoni, na cha kwanza kilikuwa cha mama, ambaye alikuwa amemshika jirani mkono. Baba alivaa kofia yake. Kaka, ambaye nadhani hakuwa amemeza mate tangu tulipokaa, aliomba maji ya kunywa. Wakamletea maziwa.