Peni ya Malkia Isiyoguswa

Enid Ackroyd, dereva wa basi mstaafu wa mji wa Wakefield, haamini kabisa sarafu inayong'aa. Kwenye maonyesho ya sarafu, shemeji yake Clive, muuza sarafu, alimpa peni ya Malkia Victoria, ile moja tu iliyokosekana kwenye mkusanyo wa marehemu mumewe.

"Mpya kabisa, shemeji. Haijaguswa."

Enid akaiinamisha chini ya taa. Mng'ao wa asili hucheza sarafu ikiinamishwa. Huu uliganda palepale, na mikwaruzo yote ilikuwa imelala upande mmoja.

"Hii imesuguliwa ili ionekane mpya, Clive."

"Wewe ungemshuku hata Malkia!"

"Malkia hakuisugua. Na zile ulizomuuzia marehemu kaka yako, nazo hazijaguswa?"

Clive akaanza kufuta lenzi yake ya kukagulia sarafu, ingawa ilikuwa safi. Enid akachukua mkoba, akaenda nyumbani kuzikagua sarafu zote za mumewe.