Taa Iliyogoma Kuzima

Mpaka leo nikipita Mkuyuni nainamisha kichwa, maana aibu niliyoipata kwenye mashine ya kusaga ya Mama Kulwa bado haijaniisha, ila ninyi ni wenzangu, acha niseme tu.

Mradi wangu wa kumaliza chuo ulikuwa wa kupata umeme kutokana na mtikisiko. Kuna visahani vya shaba vinaitwa piezo (ndivyo vinavyolia ndani ya saa ndogo za kengele), ukivitikisa vinatoa umeme kiduchu, nami nikavipanga arobaini chini ya mashine ya Mama Kulwa, nikaviunganisha na taa moja ndogo. Ikawaka! Hafifu, lakini ikawaka.

Asubuhi ya mwalimu kuja kukagua, nikaanza kujiuliza. Je, isipowaka? Nikifeli, baba aliyeuza ng'ombe ili nisome nitamwambia nini? Basi nikachomeka betri kuukuu ya simu ndani ya boksi la nyaya za taa, ya tahadhari tu (tahadhari! mjinga mimi), nikafunika.

Mwalimu akafika, mashine ikaunguruma, nikaunga waya wa taa, ikawaka kali mpaka akina mama waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi wakapiga makofi, Mama Kulwa akawa anawaambia, "Huyu ni binti yangu huyu!", na mimi badala ya kunyamaza nikaongeza, "Mwalimu, hapo ni mtikisiko mtupu, hakuna kingine."

Umeme ukakatika.

Mashine ikapunguza mlio, ikanyamaza. Taa haikuzima. Niliikodolea macho, nikaiomba moyoni izime, nayo inawaka tu.

"Binti," mwalimu akasema taratibu, "sasa hivi inatikiswa na nini?"

"Labda na mimi, mwalimu. Natetemeka."

Foleni nzima ikacheka, yeye hakucheka. Akafunua boksi, akachomoa betri, akaniwekea mkononi. "Utarudia mwakani," akasema, akaondoka.

Haikupita robo saa umeme ukarudi. Mashine ikaunguruma, na ile taa, bila betri, ikawaka. Hafifu vilevile. Mama Kulwa akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ilikuwa inawaka kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa betri ya nini, mwanangu?"

Nikaitia betri mfukoni, nikaanza kukusanya nyaya zangu. Mwaka huu narudia, kwenye mashine ileile, na safari hii boksi langu halina mfuniko.