Suruali Msibani

Mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa mbwa asiyebweka, naogopa hata watu wanaonisifu. Mwaka ambao mama alipunguzwa kazi kiwandani, hapa Morogoro mjini, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, na kila nilichokipenda kilikuwa kitu cha kunitetemesha.

Suruali, kwa mfano. Ilikuwa ya jinzi, ya mtumba, niliichomoa mwenyewe chini ya rundo siku waliyofungua belo jipya sokoni. Ilikuwa imepauka magotini, na nyuma ilikuwa na mfuko uliodariziwa ua jekundu. Mama aliishika kwa vidole viwili kama anayeshika panya kwa mkia. Yeye alikulia enzi ambazo vijana walisimama barabarani na chupa ya soda, wakiitumbukiza kwenye mguu wa suruali ya mtu, na chupa isipopita wanaichana suruali palepale.

"Mama, siku hizi ruksa," nikamwambia. Ndilo neno lililokuwa midomoni mwa watu wote.

"Ruksa ya serikali hiyo," akajibu. "Ya mjomba wako umeiomba?"

Nilicheka, lakini nilicheka peke yangu. Sisi ni Waluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kuwa mtu mwema sana, kama alivyokuwa wa kwetu kabla hajafariki, lakini mwenye sauti ya mwisho ni kaka yake mama. Mjomba wetu aliishi mlimani, juu ya Mkuyuni, jirani na bibi mzaa mama. Hakuwa mkali. Alikuwa mpole, tena mpole wa kutisha, wa kusema jambo mara moja na kulifanya limekwisha.

Basi suruali nikawa naivaa chini ya kanga. Nikifika kwenye uchochoro wa kwenda ukumbini naivua kanga, naikunja, naitia kwenye mfuko, huku nachungulia nyuma.

Ukumbini ndiko kulikokuwa na penzi langu la pili. Kiwanda kilipofungwa, kikundi chake cha sanaa kilibaki hakina mwenyewe, wakakiendesha wasanii wenyewe. Jumapili mchana walionyesha ngoma, sarakasi, vichekesho, na mwisho mchezo wa kuigiza. Nilianza kwa kuuza tiketi mlangoni. Siku moja msichana mmoja akaugua, nikasukumwa jukwaani niseme maneno mawili tu: "Wageni wamefika." Niliyasema nimewapa mgongo watazamaji. Watu wakadhani ndivyo mchezo ulivyo, wakapiga makofi. Tangu hapo nikaingia kikundini, na baada ya miezi kadhaa nikapewa sehemu ya mke aliyefungiwa nje na mumewe. Mke yule alikuwa na maneno mengi na machozi mengi zaidi. Mavuno ya mpunga yakiisha tungekwenda kuuonyesha mchezo huo Dakawa, kwenye mashamba. Niliiogopa Dakawa, na bado nisingekubali mtu mwingine aniendee.

Halafu kulikuwa na televisheni. Nyumba tuliyopanga ilitazamana na ya dereva mmoja wa malori, aliyekuwa na seti ndani ya kabati la mbao lenye milango, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali. Antena aliifunga kwenye mwanzi mrefu. Upepo ukishuka kutoka Uluguru picha inajaa chenga, anatoka mtu kwenda kuuzungusha mwanzi, na sisi ndani tunapiga kelele, "Hapo! Umepitiliza! Rudi!" Mimi niliutazama mchezo wa kila wiki nimejificha nyuma ya mabega ya wenzangu, kwa kuogopa kufukuzwa. Mdogo wangu wa kike alikaa mbele kabisa. Alikuwa na miaka kumi na sita, amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Woga hakupewa hata kidogo. Aliwajibu wahusika kwa sauti, aliwakosoa nguo, na tukirudi nyumbani alivaa suruali yangu akaigiza kila mmoja, mama mkwe, tajiri na polisi, mpaka mama anaomba apumzishwe mbavu.

Bibi akafa katikati ya hayo yote. Tulipanda kuzika, tukashuka, na siku ya kuanua tanga ilipokaribia mjomba akatuma mtu. Ujumbe ulikuwa mfupi: siku hiyo jina la bibi litarithiwa, wajukuu wa kike wasikose.

Kwetu jina la mzee haliachwi lilale. Anatafutwa mtu wa ukoo, analivaa, na tangu siku hiyo yeye ndiye yule mzee. Anaitwa bibi, anaamkiwa kama bibi. Nyumba ya marehemu inakuwa yake, shamba la migomba na mihogo lake, na moto wa jiko lile hauruhusiwi kuzimika. Kwa hiyo mrithi wa bibi angehamia mlimani.

Nilijua ni mimi. Kila mtu alijua. Nilikuwa mjukuu mkubwa wa kike, na tangu utotoni niliambiwa nimemkata bibi kipande: paji lake, vidole vyake, hata jicho la kushoto linalojifumba kidogo ninapocheka. Maneno hayo yalikuwa yakinifurahisha. Sasa nilisimama mbele ya kioo nikijaribu kukunja uso kwa namna ambayo bibi hakuwahi kuukunja. Usingizi ulinihama. Mama nilimwuliza kama naweza kukataa, akasema, "Unamkatalia nani? Aliyekufa?"

Tulipanda gari mpaka Mkuyuni, kisha tukashika njia ya miguu. Kulikuwa na ukungu, na udongo mwekundu ulikuwa unateleza. Mdogo wangu alikuwa akilia njia nzima kimyakimya, kwa kuwa alimpenda bibi kuliko sisi sote, na mimi nilikuwa nimekauka. Begani nilibeba begi langu, na ndani ya begi ilikuwemo suruali. Sikuwa na nia ya kuivaa huko. Niliogopa kuiacha tu, maana katika nyumba za kupanga kamba za nguo zina mikono.

Uani kwa bibi watu walikuwa wamejaa. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti, mjomba katikati yao, sisi wanawake tukakaa kwenye mikeka. Mimi nilikaa mbele kwa sababu nilivutwa nikae mbele. Mjomba alinitazama, akatabasamu kwa huzuni, kama mtu anayemwona mama yake kwa mbali. Nikahisi haja ndogo inanibana.

Kabla wazee hawajasema neno, watani wakaingia. Watani wetu ni wa ukoo mwingine wa hukohuko mlimani. Ndio waliochimba kaburi la bibi, na ndio wenye haki ya kututania mbele ya maiti na baada ya maiti. Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia amejivunjia heshima mwenyewe. Aliyewaongoza siku hiyo alikuwa mama mmoja mnene, muuza dagaa wa sokoni kwetu mjini, na nilipomtambua nikainama. Jumapili huyu hukaa mstari wa mbele ukumbini, na anaishi mtaa wetu.

Alianza na bibi. Alikuwa amevaa kaniki ya marehemu, ameshika fimbo yake. Alitembea mwendo wake, akasimama palepale bibi alipozoea kusimama kupumua, akamtukana kuku kwa sauti ileile. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Mimi nilisahau woga kwa dakika kadhaa. Nilikuwa nimeona wasanii wengi mpaka siku ile, wa jukwaani na wa kwenye seti, na hakuna aliyewahi kunirudishia mtu aliyekufa.

Kisha akageuka. "Na mrithi yuko wapi? Leteni mzigo wake tukague!"

Begi liliondoka mapajani mwangu kabla sijalishika. Alilifungua, akatumbukiza mkono, akaitoa suruali na kuiinua juu. Ua jekundu likaonekana na uwanja mzima.

"Jamani! Hii ndiyo sanda ya mjini?"

Akaivaa juu ya kaniki, ikaishia magotini, akaanza kutembea. Sasa akawa mimi. Alitembea amekaza makalio na kuchungulia nyuma kila hatua kama mwizi. Alivua kanga ya kufikirika uchochoroni, akaikunja, akaificha. Alijificha nyuma ya migongo ya watu akitumbua macho kutazama televisheni. Halafu akajitupa chini mbele ya mlango wa bibi, akaugonga, akalia kwa maneno yangu mwenyewe ya jukwaani, neno kwa neno: "Mume wangu, nifungulie, mvua inanyesha!" Watoto walianguka kwa kicheko. Mama alikuwa ameziba uso kwa kanga. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Uluguru, ambayo kila masika huporomoka yenyewe, siku hiyo ilitulia tuli.

"Huyu mkimpa jina la bibi," mtani akawaambia wazee huku anahema, "kesho mtamkuta kalivua, kalianika kwenye uzio. Tena atalipaka na rangi ya mdomo!"

Mjomba alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mabega yanamruka, mpaka akavua kofia na kujifuta nayo macho. Alipotulia alinitazama tena, na safari hii hakumwona mama yake. Alimwona msichana wa mjini, mwenye suruali. Nikaelewa kwamba nimeponea chupuchupu. Aibu yote ilinitoka mwilini kama homa inavyotoka, nikabaki mwepesi, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na muuza dagaa. Niliifikiria Dakawa. Nilikaribia kucheka.

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Mjomba akainua macho, yakapita juu yangu, yakaenda nyuma. Niligeuka kuangalia yanakokwenda.

Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu, amejifunga kanga vizuri, miguu kaikunja upande mmoja, kichwa kainamisha. Hakuwa amecheka. Pengine ni yeye peke yake uani mle ambaye hakucheka, kwa kuwa mtani alipoiweka chini fimbo ya bibi yeye aliendelea kumlilia bibi. Ukimtazama hivyo, pasipo kumjua, ungesema ni mtoto mtulivu kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

"Yule," mjomba akasema, mara moja.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuwaambia kwamba wamekosea, kwamba yule ndiye wa mstari wa mbele, ndiye anayewajibu watu wa kwenye seti, ndiye msanii, kwamba hata suruali ile imemkaa yeye kuliko mimi. Lakini kama si yeye ni nani? Macho ya mjomba yangerudi. Nilifunga mdomo, na hofu niliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu hii niliijua ni yangu mwenyewe.

Walimwinua. Walimfunga kaniki ya bibi, wakampaka unga wa mtama kwenye paji la uso, wakamketisha kwenye kigoda mlangoni. Hakupigana. Alikuwa akitazama huku na huku na uso wenye machozi, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi akaambiwa aende. Mjomba akaja wa kwanza, akainama na mvi zake.

"Shikamoo, mama."

Ilibidi mwanamke mmoja amguse begani ndipo aitikie. Akafuata mama yetu. Alipiga magoti mbele ya kitinda mimba wake, akamwita mama. Wakanisukuma mimi.

Nilipiga magoti. Tulitazamana. Aliniangalia kwa namna aliyozoea kuniangalia tunapoigiza chumbani, akingoja mmoja wetu ashindwe na kuanza kucheka.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Uso wake ukabadilika. Alipangusa pua kwa ncha ya kaniki, akaiweka mikono mapajani.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Utakuja lini kuniona?"