Ubao wa Mwalimu Oktavia

Mwalimu Oktavia hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ndiyo maana wasichana wa darasa la saba, katika shule moja ya misheni karibu na Njombe, walishangaa siku ile ya Julai 1957 alipomfokea Mzungu.

Asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda mashambani na kuunguza viazi. Wanafunzi walifika wakitetemeka, wakauliza: jua linawaka, mbona baridi inaua mimea? Oktavia akaacha hesabu, akachora ubaoni jua, dunia na mwezi. Akawaambia kwamba usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto la jua hadi umande ukaganda, na kwamba dunia ingekuwa karibu zaidi na jua, maji yote yangegeuka mvuke. Ingekuwa mbali zaidi, yangeganda moja kwa moja. Mwezi nao unamulikwa na jua hilihili, ila ni mdogo, hauna nguvu ya kushikilia hewa, hivyo hakichipui kitu kule.

"Na jua limewaka bila kuyumba miaka isiyohesabika," akasema. "Lingeyumba, tusingekuwapo."

Mkaguzi wa shule, Mzungu, alikuwa mlangoni, pamoja na mwalimu mkuu, Silvesta.

"Haya yamo kwenye ratiba?" mkaguzi akauliza.

"Hayamo, bwana. Wameuliza."

"Hawa wataolewa, watalima. Wafundishe kufuma. Futa."

Damu ikampanda Oktavia kichwani.

"Anayelima ndiye wa kwanza kupaswa kulijua jua! Wazazi wao wamepoteza viazi leo hii, nawe unataka wasiulize kwa nini? Sifuti!"

Mkaguzi akachukua kitambaa akafuta mwenyewe, taratibu, akianza na dunia. Silvesta alikuwa akitazama viatu vyake, na hilo lilimchoma Oktavia kuliko yote.

"Mwalimu Mkuu, huna la kusema?"

"Dada Oktavia," Silvesta akanong'ona, "nina watoto sita."

Wiki haikuisha, barua ya uhamisho ikafika: Makambako, darasa la kwanza, akafundishe irabu. Alisafiri juu ya lori la magunia, upepo ukimpiga usoni, akitunga malalamiko kichwani. Aliandikia ofisi ya elimu mara tatu. Jibu lilikuja moja: barua imepokelewa. Njombe hakurudishwa kamwe.

Huko Makambako, kila Jumamosi mchana alianza kuwafundisha kina mama kusoma. Walipojua kusoma kidogo, akawachorea jua, dunia na mwezi, akawasimulia pia yaliyompata. Paskalina, mkulima wa ulezi, akaguna.

"Kumbe hewa hushikiliwa! Na huyo aliyesema hayatuhusu, yeye anavuta hewa gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Oktavia hakucheka.

"Mwalimu, uliiandikia ofisi peke yako," Paskalina akasema. "Leta karatasi."

Barua ya nne iliandikwa palepale, ikidai watoto wao wa kike wafundishwe habari za jua na dunia kama wavulana. Wanawake thelathini na mmoja wakatia majina yao, kila mmoja kwa mkono wake, wengine wakikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.