Uvimbe wa Mkamwana

Wifi yangu Tupokigwe alikuwa na heshima mpaka ikaniudhi. Akisikia tu kikohozi cha baba yangu, huyo, kajitosa migombani. Kwetu Masoko mkamwana haonani na baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitamki. Sasa baba, mzee Anyelwisye, ndiye aliyekuwa mganga wa zahanati pekee ya karibu. Aliifungua mwenyewe serikali iliporuhusu watu binafsi kutoa tiba.

Siku moja tukichuma kahawa nikaona mkono wa kushoto wa Tupokigwe hauinuki. Nikambana mpaka akafungua blauzi. Ziwani palikuwa na uvimbe mgumu, na ngozi juu yake imebonyea. Ulikuwapo tangu msimu uliopita! Nilimfokea, jamani, nilimfokea. Eti hauumi, na mwenye zahanati ni baba mkwe, sasa amvulie nani nguo?

Nikamburuta hadi zahanati. Akagoma kuvuka mlango, akajibanza nje chini ya dirisha, khanga usoni. Baba akauliza toka ndani, nami nikawa napeleka maneno na kurudisha.

Unauma? Hauumi. Mimi nikashusha pumzi, lakini baba akasema uvimbe wa aina hii mara nyingi hauumi mwanzoni, ndiyo maana watu wanachelewa. Ukiushika unasogea? Hausogei. Mama yake mzazi alifariki kwa nini? Tupokigwe akaninong'oneza kwamba ziwa lilioza, watu wakasema karogwa. Baba akaniambia nimpapase kwapani.

Nikapapasa. Kulikuwa na kinundu kingine, kigumu vilevile. Baba akauliza tena, mimi nikashindwa kujibu. Niliogopa mno.

Tukasikia kiti kikisukumwa. Baba akatoka, akazunguka ukuta. Tupokigwe akainuka akimbie.

"Kaa, mwanangu," baba akamwambia. "Leo usinikimbie."

Akakaa, kageukia ukutani. Baba akamweleza yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu: inaelekea ni saratani, na imeanza kutembea. Hospitali watapima, huenda wakalikata ziwa, na kama imeshafika mapafuni au kwenye mifupa, hapo kazi ni kubwa. Kesho asubuhi angempeleka mwenyewe.

Tupokigwe akafunua uso. Tangu aolewe, baba alikuwa hajawahi kusikia sauti yake.

"Baba, kama ningekuja mapema?"

Baba akaketi chini, pale pale udongoni, karibu naye.

"Ungekuja kwa nani, mwanangu?" akasema, na machozi yakamtoka mbele ya mkamwana wake. "Mlangoni nilikuwa mimi."