Sauti ya Kwale Kwenye Simu Yangu

Sauti niliirekodi mimi. Naanza na hilo kwa sababu shemeji alilisema mbele ya watu.

Tangu nimalize chuo asubuhi zangu ni ndefu. Nyuma ya nyumba yetu Goba kuna kiwanja ambacho hakijajengwa, majani yamefika kiunoni, na humo waliishi kwale wawili, dume na jike. Kukipambazuka dume alipiga kelele kama mtu anayekwangua sufuria. Siku moja nikamrekodi, nikatuma kwenye grupu la familia. Nilitaka tu waone kwamba huwa naamka mapema.

Jumapili iliyofuata shemeji, mume wa dada yangu, akaja na sinia la nyama ya kukaanga. Tukamsifu. Nilishamaliza paja zima ndipo nikauliza ni nyama gani.

"Kwale wa hapo nyuma kwenu. Nimetega wavu, nikaficha spika chini yake, nikapiga ile sauti. Dume kaja mbio, kifua mbele, anamtafuta aliyeingia kwake wapigane. Jike naye akafuata. Dakika kumi tu, msomi!"

"Walikuwa na vifaranga," nikasema. Nilikuwa nimewaona wiki hiyo hiyo, wadogo kama ndimu.

"Sasa mie ningejuaje? Hawakuja na cheti cha kuzaliwa."

Wakacheka wote. Nikasimama, nikamwambia huo si uwindaji, ni utapeli. Ndege anakuja kulinda watoto wake, wewe unamkamatia hapo hapo.

"Na sauti nilipewa na nani? Si wewe? Halafu baba mkwe si alikuwa anawaitaga kwa mluzi huko kwao? Baba, eti nasema uongo?"

Baba amekulia bara, na ujana wake wote aliwinda kwale. "Tulikuwa tunawaita," akasema. "Lakini baada ya mavuno, watoto wameshakua. Wakati wa kulea hakuna aliyepiga mluzi. Ukipiga, wenzako hawatoki na wewe kuwinda tena."

Kisha akachukua kipande kingine.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akaniona ninavyomtazama. "Wameshakufa," akasema. "Tuwatupe?"

Mpaka leo naendelea kulitafuta jibu. Je, simu na mluzi vina tofauti gani? Na mimi niliyekula paja, nina haki gani ya kukasirika? Nimeyawaza haya mpaka kichwa kinauma, na hasira haijapungua hata kidogo.

Jumatatu asubuhi nikaingia kiwanjani. Kimya. Nikatembea taratibu, nikiogopa kukanyaga kitu, nikifunua majani kwa fimbo. Sikuona chochote. Nikatoa simu. Nilijua kabisa ninachofanya, nilijua ni kile kile alichofanya shemeji, nikabonyeza.

Vifaranga watatu wakatoka kwenye majani mbio, wakasimama mbele ya kiatu changu. Wiki iliyopita walikuwa watano.

Nikaizima sauti. Hawakukimbia.

"Baba!" nikaita kuelekea nyumbani, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. "Njoo na tenga la kuku, tuwalee hawa vifaranga! Sasa hivi!"

Akatoka nalo, hajavaa hata viatu. Sikumpa shikamoo.