Nukta kwenye Njia Panda

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na hilo ndilo lililoniponza. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi wapya, chaki mkononi, nikiwaambia kwamba anayejua kusoma ramani hapotei. Nimelisema mara nyingi mpaka nikaliamini mwenyewe. Basi nilipoona kwa mara ya kwanza mchoro wa saketi ya umeme kwenye simu yangu, na mistari yake na alama zake na herufi ndogo ndogo, nilicheka. Nikamwambia mke wangu, "Hii ni ramani tu." Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kaskazini.

Sikuingia katika mambo ya umeme kwa kukosa kazi, ingawa mke wangu ana maoni yake. Niliingia kwa sababu ya baba. Baba alikuja Kericho kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaingia kiwanda cha chai, akasimama kando ya rola zinazosaga majani mpaka alipostaafu. Kiwanda kilimpa saa ya ukutani na kikabaki na masikio yake. Sasa anaishi nasi katika nyumba yetu ya mbao, karibu na Kiptere. Vifaa vya kusikia alivyopewa hospitali amevitia kwenye kopo la sukari kwa sababu, anasema, vinampigia filimbi kama askari wa trafiki.

Mimi hupiga kinanda kanisani. Zamani baba alikuwa akikaa benchi la mbele kabisa, mikono juu ya magoti, akinisikiliza kana kwamba mahubiri ni kitu cha kujaza nafasi kati ya nyimbo. Halafu akaacha kuja. Nilipomuuliza, aliniita *nyathina*, mwanangu, kama anavyoniita kwa lugha ya nyumbani akiwa na huzuni. "Nyathina, naona vidole yako ikikimbia tu. Nitakuja kuangalia vidole?" Iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini niligundua kitu. Lori la majani likipanda kilima, baba hugeuza kichwa. Sauti nyembamba zote zimemtoka. Zile nzito, za chini kabisa, bado zinapata mlango. Nikasema nitautafuta mlango huo. Kwenye simu nilikuwa nimeona watu wanaojitengenezea sinthesaiza za moduli, yaani kinanda kilichokatwa vipande: kipande kimoja huzalisha sauti, kingine huichuja, na unaviunganisha kwa nyaya upendavyo. Mimi nilitaka kipande kimoja tu, cha kutoa sauti nzito, chenye kitufe cha kuzungusha kama cha redio ya zamani, ambacho ningekizungusha taratibu mpaka nifike mahali masikio ya baba yalipobaki.

"Si ununue spika kubwa?" mke wangu aliuliza. Yeye ni Mkipsigis wa kutoka Ndanai, mwenye duka la dawa za mifugo, na hupenda njia fupi.

Nilimweleza kwamba tulishajaribu spika ya kanisa na kinanda chake, baba akasema ni kelele tupu. Sikumweleza kwamba vipuri nilikuwa nimeshaviagiza kutoka Nairobi.

Nilisoma ule mchoro kama ninavyowafundisha wanafunzi, kwa kukariri alama. Rizista ni mto wenye kona nyingi. Kapasita, mistari miwili inayokaribiana bila kugusana, nikaiita daraja lililovunjika. Hata nilijipongeza. Kisha nikashika chuma cha kulehemu, na kila mahali mistari miwili ilipokatana kwenye mchoro, mimi niliunganisha nyaya. Ningefanyaje? Kwetu barabara mbili hazikatani bure. Zikikatana leo, kesho kuna kibanda cha chai, keshokutwa kinyozi, na kabla hujageuka pameshakuwa soko lenye jina.

Saketi ya kwanza ilitoa moshi. Baba, aliyekuwa barazani, hakusikia chipu ikipasuka wala mimi nikipiga yowe, lakini pua yake haijastaafu. Aliingia haraka akiwa na uso wa kazi, kana kwamba yuko bado kiwandani kwenye mashine ya kukaushia majani.

"Majani imeungua! Nani ako kwa draya?"

Ya pili ilitoa moshi pia. Ya tatu haikutoa hata moshi, jambo ambalo nilimtangazia mke wangu kuwa ni maendeleo. Akauliza kama ng'ombe akiacha kupumua hayo nayo ni maendeleo.

Nikaamua kwamba shida ni mchoro wenyewe. Aliyeuchora, nilisema, hakupata mwalimu mzuri. Nikauchora upya kwenye karatasi ya grafu, kwa wino, nikaweka nukta nene kwenye kila makutano ili mjinga yeyote aone kwamba hapo nyaya zinakutana. Nikaubandika ukutani. Ulipendeza sana. Makosa yangu yote yalikuwa mle, yamepigwa kwa rula.

Sasa, huku kwetu mimi pia ndiye mchora ramani. Iwe harusi, iwe harambee, kadi ikitoka lazima nyuma yake iwe na ramani ya kufika kwa mwenye shughuli, na mkono huwa ni wangu. Kwa hiyo shemeji yangu wa Ndanai alipoandaa sherehe ya shukrani, nilimchorea ramani nikiwa nimekaa nyumbani, kwa kunakili kutoka kwenye simu. Lami ilikatana na barabara ya udongo. Nikaweka nukta, nikaandika: "Hapa kata kushoto."

Siku yenyewe chakula kilikuwa tayari, hema limejaa, na mchungaji haonekani. Mke wangu akampigia simu, akasikiliza, akanigeukia.

"Pastor ako juu ya daraja. Anasema hakuna kushoto. Kushoto ni hewa."

"Lakini barabara zinakutana pale."

"Zinakutana wapi? Hiyo ingine ni ya ng'ombe ya kwenda mtoni, inapita chini ya daraja. Zinapitana tu, baba watoto. Haziguzani." Kisha, kwa sauti ya kutosha hema zima: "Na huyu ndio mwalimu wa ramani!"

Hema lilicheka. Ndugu zake walicheka kwa Kikipsigis, lugha ambayo nadhani imejaliwa maneno mengi ya kumcheka shemeji. Mimi nilibaki nimesimama na sahani ya nyama, nikiukumbuka ule mchoro wa kwanza, wa yule niliyemdharau. Mahali pengine aliweka nukta, mahali pengine hakuweka. Nilidhani alichoka. Kumbe pasipo na nukta nyaya zinapitana tu, kila moja na safari yake, kama pastor juu na ng'ombe chini. Mimi nilikuwa nimewalazimisha wote kukutana, halafu nashangaa moshi unatoka wapi.

Jumamosi iliyofuata nilibandua kazi yangu ya sanaa ukutani na kuanza upya: umeme juu, waya wa kurudi chini, sauti ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, nukta pale tu panapostahili. Zilibaki chache. Nikalehemu polepole, nikaunganisha na spika ya kanisa niliyoazima tena, nikaisimamisha sakafuni, na kitufe nikakizungusha mpaka chini kabisa. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, ile inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Nikawasha.

Sikusikia kitu ila mvua. Nikakagua nukta zote, sikuona kosa. Nikaitukana saketi, nikajitukana na mimi. Nikamkumbuka baba kwenye benchi la mbele, na machozi yakanikaribia, mtu mzima na miwani yake. Nikanyoosha mkono nizime.

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amekaa chumba cha pili, miguu mitupu juu ya mbao zile zile za sakafu. Mvua iliyokuwa imenijaa masikioni, kwake haikuwepo.

"Nani amewasha rola?" akauliza.

Nikaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inatetemeka.

"Ni mimi, baba!" nikapaza sauti, nikijipiga kifua ili aelewe.

"Usizime," akasema. "Nasikia."

Akavuta kiti mbele ya spika, akakaa, mikono juu ya magoti. Nikazungusha kitufe kidogo kidogo, sauti ikapanda, mpaka akainua kidole kuonyesha kwamba imempotea. Nikarudisha nyuma kidogo. Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua penseli, nikaweka nukta pale, kando ya kitufe.